Ufa wa Nani?

Methali ya kwanza ninayokumbuka kufundishwa skuli, Pemba, ni ile ya ufa na ukuta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tuliandikiwa ubaoni, tukaitolea maana, tukapewa alama. Maana ilikuwa uzembe: mtu kaona dogo, kalipuuza, limekuwa kubwa, sasa anagharimika. Sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyenyoosha mkono akauliza ufa wenyewe ulitoka wapi. Methali haisemi. Inaanza hadithi katikati, ukuta ukiwa umeshapasuka, na mbele ya ukuta inamkuta mtu mmoja tu, mwenye nyumba. Kama jirani alichimba shimo, kama barabara ilipanuliwa, kama bomba lilivuja mwaka mzima chini ya msingi, hayo methali haiyajui. Inamjua mwenye nyumba, na inamlaumu.

Nimekuja kulifikiria hilo ukubwani kwa sababu ya kazi. Nimesomea uhandisi wa majengo, na sehemu ya kazi yangu ni kutumia kompyuta kukadiria kuta zitapasuka vipi ardhi iliyo chini yake inapotitia. Ni kazi ya kimya, ya namba na rangi kwenye skrini. Lakini kila faili ninalofungua linarudi kwenye lile swali ambalo darasani halikuulizwa.

Kwanza nieleze ukuta unavyopasuka, kwa kuwa mengine yote yamesimama hapo.

Ukuta wa mawe ni hodari wa kubeba na dhaifu wa kuvutwa. Ukiukandamiza kutoka juu utavumilia karne. Ukiuvuta, hata kidogo, unaachia. Kwa hiyo ukuta hauogopi sana ardhi kushuka. Nyumba nzima ikishuka kwa pamoja, sawasawa, huenda usione ufa hata mmoja. Kinachouumiza ni tofauti: upande mmoja ushuke, mwingine ubaki. Fikiria kitanda cha kamba kilicholegea. Ukilala katikati ya bonde lake, mgongo unazama. Ukilala pale kamba zinapoanza kuteremka, mgongo unapinda kinyume. Nyumba nayo ni hivyo. Iliyo katikati ya bonde la udongo uliotitia huvutwa kwa chini, ambako msingi na ardhi yenyewe huishika isifunguke sana. Iliyo ukingoni, ncha moja ikichungulia bonde, huvutwa kwa juu, ambako hakuna cha kuishika. Ndiyo maana ufa mpana juu na mwembamba chini una habari ya kusema: ncha ya nyumba inakwenda. Mafundi waashi wasiokanyaga chuo wanalijua hili. Mmoja aliwahi kuniambia nisitazame ufa ulipo, nitazame umefungukia wapi.

Kwa hesabu, mambo haya hayana umri mrefu. Mwaka 1969 Ralph Peck alionesha kwamba ardhi iliyo juu ya handaki hutitia kwa umbo la kengele iliyopinduliwa. Mwaka 1974 John Burland na Charles Wroth, Uingereza, waliuchukulia ukuta kama boriti moja nene na wakatafuta ni mvuto kiasi gani unaotosha kuleta ufa wa kwanza wa kuonekana kwa macho. London ilipochimba njia mpya ya reli ya Jubilee katika miaka ya 1990, ikipita karibu na mnara wa Big Ben, hesabu za aina hiyo zilitumika kuamua majengo yapi yaangaliwe kwa karibu zaidi. Chini ya mnara wenyewe waliingiza rojo ya saruji kwa mabomba, kidogo kidogo, ili usiendelee kulala.

Njia ile ya kwanza ya kukokotoa ilikuwa na hatua moja inayonisumbua. Unakokotoa ardhi itatitia kiasi gani kama kiwanja kingekuwa kitupu, hakuna nyumba, hakuna mtu. Kisha unaichukua nyumba, unailaza juu ya umbo hilo, na unailazimisha ipinde kama kiwanja kitupu kilivyopinda. Ni hatua rahisi, na mara nyingi ni ya tahadhari, kwa sababu nyumba halisi ina ukakamavu wake na huizuia ardhi isipinde sana. Lakini nyumba halisi ina uzito pia, na ina mahali ilipokaa. Mwaka 2000 watafiti wa Oxford, Burd na Houlsby na wenzao, walichapisha kazi iliyoweka handaki, udongo na jengo ndani ya mfano mmoja wa kompyuta, kila kimoja kikimsukuma mwenzake, na kuta zikiruhusiwa kupasuka. Jengo halikutokea kuwa abiria. Lilibadilisha mtitio uliokuwa chini yake, na lilibadilisha kwa namna moja likiwa katikati ya bonde na kwa namna nyingine likiwa ukingoni.

Dhana ya kiwanja kitupu ina historia mbaya barani kwetu, na kishawishi cha kuandika kurasa tatu juu ya hilo ni kikubwa. Naliacha. Ninachotaka kibaki ni kitu kidogo zaidi: madhara hayakokotolewi vizuri ukijifanya aliyekaa pale hayupo.

Kuna jambo jingine, na hili wahandisi wenzangu hulipita haraka. Madhara yana jedwali lake, ambalo Burland na wenzake walilitoa mwaka 1977, na mpaka leo ndilo tunalolitumia. Lina madaraja kuanzia 0 hadi 5. Ufa usiofika milimita 0.1 ni unywele, daraja la 0. Hadi milimita 1 ni daraja la 1. Hadi 5 ni daraja la 2, madhara hafifu. Kuanzia 5 hadi 15 ni daraja la 3, la wastani, milango na madirisha huanza kukwama. Hadi 25 ni la 4, na zaidi ya hapo ni la 5, ukuta hauaminiki tena kusimama. Tumezoea kulisoma kama rula. Lakini waliolitunga walisema bayana kwamba madaraja yamepangwa kwa urahisi wa kukarabati, na upana wa ufa ni alama moja tu ya kusaidia. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje. Daraja la 2 maana yake si milimita tano. Maana yake ni kwamba mtu ataujaza ufa, atapaka rangi, na maisha yataendelea.

Mtu gani huyo? Yuko wapi, na fedha ya nani?

Nyumba kongwe za mawe za Chake Chake, Wete na Mkoani ni za matumbawe na chokaa, kuta zenye unene wa nusu mita au zaidi, dari la boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, mita mbili na nusu mpaka tatu, na ndiyo maana vyumba vya watu wa zamani ni virefu na vyembamba, utadhani ni vichochoro vyenye paa. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kuyazima kwa maji, kisha kuiacha iive kwa miezi. Chokaa hiyo ni laini. Ukuta ukisogea kidogo nayo husogea, na ufa mwembamba sana huweza hata kujifunga wenyewe, maji yakiyeyusha chokaa upande huu na kuigandisha upande ule. Saruji haina subira hiyo. Ukiziba ufa wa ukuta wa matumbawe kwa saruji umetia kitu kigumu ndani ya kitu laini. Unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inakula jiwe kwa pembeni, na baada ya misimu kadhaa una nyufa mbili ubavuni mwa ule mmoja ulioziba. Huyo kafuata methali barabara.

Leo saruji ipo kila duka la vifaa. Chokaa nzuri, na fundi anayeijua, ni vitu vya kutafuta. Kwa hiyo ufa wa milimita 4 wa London na ufa wa milimita 4 wa Chake Chake, hata vikipimwa kwa kifaa kimoja, haviko daraja moja. Wala silazimishi. Jedwali likisomwa kwa msingi wake lenyewe, ndivyo linavyosema.

Shangazi yangu anakaa Chake Chake, katika nyumba ya mawe iliyojengwa na babu wa marehemu mumewe, pale mji unapoanza kuteremka kutoka mgongo wa kilima kuelekea kwenye mikoko. Mwaka 2019 ulichimbwa mtaro mkubwa wa maji ya mvua kando ya nyumba yake, hatua nne kutoka ncha ya ukuta, na ukakaa wazi masika nzima kabla ya kujengewa. Udongo pale ni mfinyanzi. Ukikatwa wima na kuachwa ulowe, hulegea na kusogea kuelekea shimoni, na kilichokaa juu yake husogea nao. Mvua zilipokatika, ukuta wa chumbani kwa Shangazi ulikuwa na ufa: milimita sita chini kidogo ya boriti, unywele karibu na sakafu. Mlango wa chumba haukufunga tena. Mpaka leo analala na mlango ukiwa nusu wazi, ameutilia kiti.

Alipeleka barua kwenye ofisi iliyohusika. Jibu alilipata kwa mdomo, na lilikuwa fupi. Nyumba ilikuwa mbovu tayari.

Ndipo nikaitwa. Sidhani aliniita kama mhandisi. Aliniita kama mtoto wa kaka yake mwenye kompyuta. Nilipima kuta, nikachimba kishimo kidogo kuutazama msingi, nikajenga mfano. Nilianza na ukuta mzima usio na dosari, kama vitabu vinavyoanza, nikaukata udongo kwenye skrini mahali palipo mtaro. Ukuta ulipinda, na ufa uliotokea ulikuwa mwembamba, wa daraja la 1. Kwa hesabu hiyo, waliomjibu Shangazi walikuwa na hoja. Mtaro peke yake haukutosha.

Nikamwuliza kama ana picha yoyote ya chumba kile kabla ya mtaro. Alifikiri, akaenda kabatini, akarudi na picha ya harusi ya binti yake ya mwaka 2009. Bibi harusi amekaa kitandani, mikono ina hina, nyuma yake ukuta umepakwa chokaa upya kwa ajili ya siku hiyo. Na nyuma ya bega lake, ukitazama vizuri, kuna mstari mwembamba unaoshuka kutoka darini. Mahali pale pale.

Nilimwambia kama lilivyo. "Shangazi, picha hii itawapa nguvu wao. Inaonesha ufa ulikuwepo zamani."

"Itie," akasema. "Kwani mie nimesema ukuta wangu mzima? Nimesema ulikuwa umetulia."

Nilirudi kwenye mfano na nikabadilisha kitu kimoja. Niliutia ufa wa 2009 ndani ya ukuta kabla ya kuchimba: mstari dhaifu, usiobeba mvuto hata chembe. Nikakata mtaro ule ule katika udongo ule ule. Safari hii ule mvuto ambao katika ukuta mzima ulisambaa huku na huku ulikwenda wote kukusanyika kwenye mstari mmoja, na mstari ukafunguka hadi daraja la 3, karibu na nilichokipima kwa mkono.

Ukiutoa ufa wa zamani, mtaro hautoshi. Ukiutoa mtaro, ufa wa zamani umekaa miaka kumi bila kufunguka. Nani basi aliyepasua ukuta?

Kompyuta haijibu, na si haki kuilaumu, maana si swali lake. Kishawishi cha kwanza ni kugawa: nusu kwa nusu, au asilimia fulani kwa uzee na asilimia fulani kwa mtaro. Inasikika kama busara. Ila mfano wenyewe unaikataa. Hakuna nusu ya ufa iliyosababishwa na uzee na nusu iliyosababishwa na mtaro. Kila kimoja kikiondolewa, ufa wa milimita sita haupo. Anayegawa asilimia hapo anagawa kitu ambacho hesabu haikukigawa.

Kwa hiyo nililipeleka swali mahali pengine. Mzee mwenye mifupa dhaifu anasukumwa sokoni Jumamosi asubuhi na mtu mwenye haraka, anaanguka, anavunjika nyonga. Kijana angeyumba tu akaendelea na safari. Aliyemsukuma aseme: mifupa yake ilikuwa mibovu tayari. Anasema kweli, na bado sijui baraza la wazee litakalomwachia aondoke kwa kauli hiyo. Sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu ziliirithi kwa sehemu kubwa, ina kanuni juu ya jambo hili: unayemdhuru unamchukua kama ulivyomkuta, hata kama fuvu lake ni jembamba mfano wa ganda la yai. Udhaifu wake haukupunguzii deni.

Hapo ningeweza kusimama na kumpa Shangazi ushindi, kama mtaro ungekuwa wa mtu binafsi, wa kujengea hoteli. Haukuwa. Niliteremka bondeni kuzungumza na majirani wa chini. Kabla ya 2019, kila masika maji yaliwaingilia ndani. Walipandisha magodoro juu ya meza na kuwalaza watoto kwa ndugu. Mama mmoja alinionesha alama ya maji ukutani, usawa wa goti lake. Sasa maji yanapita kwenye mtaro. "Huu kwetu rehema," alisema, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni rehema kweli.

Fiqhi, ambayo watu wa kwetu huikimbilia mapema kuliko sheria ya serikali, inalijua fundo hili na hailifungui kwa urahisi. Ina kanuni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Hapo Shangazi anapata: huwezi kuyatoa maji nyumba ya chini kwa kuipasua nyumba ya juu. Lakini ina kanuni nyingine, kwamba madhara ya mmoja huvumiliwa ili kuzuia madhara ya wengi. Na mfano ambao wanazuoni huutoa mara kwa mara kwa kanuni hii ya pili ni ukuta: ukuta ulioinama kuelekea njia ya watu, mwenyewe huamriwa auvunje. Nilipokutana na mfano huo nilicheka peke yangu. Karne na karne, na bado ni ukuta wa mtu.

Nimezipima kanuni mbili hizo kwa muda mrefu na nadhani hazigongani kama nilivyodhani mwanzo. Ya pili inaruhusu mtaro uchimbwe. Haisemi kwamba atakayedhurika akae nayo kimya, peke yake, kisha aambiwe ni ubovu wake. Kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "tunahitaji ubebe hili kwa ajili ya majirani, na sisi tutakusaidia kulibeba" na kumwambia "hukubeba chochote." Lililomuumiza Shangazi ni hilo la pili. Wale mamia walioacha kupandisha magodoro juu ya meza wamelipiwa sehemu ya gharama na mjane mmoja, na daftari la mradi linaonesha sifuri mahali pake.

Halafu kuna suala la kujua. Kwamba nyumba za mawe za Chake ni kongwe na zimechoka si siri. Anayepita barabarani anaona. Ukijua kitu ni dhaifu kabla ya kukigusa, ujuzi huo unakuongezea tahadhari, haukupi udhuru baadaye. Miradi ya mahandaki ya miji mikubwa huanza kwa kupita nyumba kwa nyumba, kupiga picha kila ufa na kuandika upana wake, ndipo mashine iguse udongo. Watu hudhani hilo ni anasa ya matajiri. Ni simu ya mkononi na daftari. Mtu mmoja, asubuhi moja, akibisha hodi kwa adabu. Kama angekuja, neno "tayari" lingekuwa na maana, kwa sababu tungejua ilikuwa tayari kiasi gani. Aliyekataa kutazama kabla hana haki ya kutumia kutokujua kwake kama ushahidi baadaye. Hapa sina mashaka, ingawa kwa mengine mengi ninayo.

Mashaka yangu makubwa ni juu ya chombo changu mwenyewe. Mfano wa kompyuta una sura ya kiburi. Unatoa picha yenye rangi, nyekundu palipo hatari, na mbele ya picha ya rangi watu hunyamaza. Lakini ndani yake kuna namba nilizozichagua: udongo huu ni mgumu kiasi gani, chokaa hii inavumilia mvuto gani kabla ya kuachia, ukuta na msingi vinashikana vipi. Maandishi mengi ya fani hii yameandikwa juu ya matofali ya kuchoma na mfinyanzi wa London. Matumbawe ya Pemba yana matundu, yamejaa chumvi, kila jiwe na umbo lake. Kwa hiyo niliuendesha mfano mara nyingi, kwa udongo mgumu zaidi na laini zaidi, chokaa bora na hafifu, na nilichoandika mwishoni kilikuwa masafa ya majibu. Kwenye masafa yote hayo ukuta wenye ufa wa zamani ulifunguka zaidi ya ukuta mzima. Upana wenyewe ulibadilika sana.

Shahidi mbele ya kadhi huulizwa. Wewe nani, ulikuwa wapi, uliona nini kwa macho yako. Katika Tunis ya karne ya 14 alikuwapo mwashi, Ibn al-Rami, aliyekuwa akitumwa na kadhi kwenda kukagua kuta zenye ugomvi, na akaandika kitabu kizima cha hukumu za majengo. Napenda kumfikiria. Alikuwa mtaalamu, lakini mtaalamu mwenye mikono; ungeweza kumuuliza mbele ya watu kwa nini amesema alivyosema. Mfano wa kompyuta hauapi. Anayeapa kwa niaba yake ni mimi, na kwa hiyo ni lazima niwe ninaweza kuulizwa na yule ambaye nyumba ni yake.

Ndiyo sababu ripoti niliiandika kwa Kiswahili, hata kurasa za makadirio ambazo kwa kawaida hufichwa nyuma kwa Kiingereza, nikamsomea Shangazi yote. Alisinzia mara mbili. Mara ya tatu aliamka nilipofika kwenye muda ambao mtaro ulikaa wazi. Karatasi za mradi zilisema miezi miwili, na hiyo ndiyo namba iliyokuwemo.

"Miwili ya nani? Umechimbwa Rajabu. Umejengewa watu wameshakula Idi."

Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Miezi mitatu, na yote ndani ya mvua. Nilikwenda kuuliza kwa majirani na wote wakahesabu vivyo hivyo, kwa mfungo na kwa Idi. Mfinyanzi uliokatwa hauhesabu siku kama sisi, ila kila wiki unazoendelea kuulowesha zinaingia kwenye jibu. Hakuna kifaa changu ambacho kingenipa mwezi ule wa tatu.

Kuna watakaosema tatizo letu ni kukosa elimu na zana: tukiwa na mifano bora, wahandisi wengi zaidi, vipimo kila mahali, mambo yatajinyoosha. Nikivuka bahari kwenda Unguja napata shaka. Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyolibomoa jumba la jirani yake. Mwaka 2012 kipande chake kilianguka, likafungwa kwa umma. Mwaka 2014 liliwekwa kwenye orodha ya World Monuments Fund ya maeneo yaliyo hatarini duniani. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi ya ukarabati, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na wafanyakazi wawili wakafa. Miaka minane baina ya onyo na anguko. Hakuna aliyehitaji kompyuta kumwambia kwamba jumba lile linaumwa.

Na Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 simu zililia Pemba nzima, kwa sababu Kariakoo kuna Wapemba wengi. Jengo la ghorofa lilikuwa limeanguka Dar es Salaam, zaidi ya watu 20 walikufa, na habari za siku zile zilitaja uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini yake. Lile ni jengo la zege, mambo yake ni mengine na fani yake ni nyingine. Nililolisikia mimi kwenye baraza, usiku ule, ni mzee mmoja akiuliza swali la methali kinyume chake: waliokuwa juu, wakiuza kanga na vitenge, wangeziba ufa gani?

Ripoti ya Shangazi tuliipeleka, na picha ya harusi ndani yake, ukurasa wa nne. Nilieleza kwa nini nimeitia. Afisa aliyeipokea aliigeuza mpaka ukurasa huo, akaweka kidole juu ya ule mstari, akasema, "Si huu hapa, ulikuwepo?" Nikamwambia ndio, na nikamwomba asome ukurasa wa tano. Akasema atausoma. Barua ya pili imekwenda, na ya tatu.

Shangazi, ukimuuliza anataka nini, hataji fedha kwanza. Anataka waje waone. Waingie chumbani, wavue viatu, watazame juu. Nimejaribu kumweleza kwamba kuona hakuzibi ufa, akanijibu kwamba ni kweli hakuzibi.

Huku nyuma tumeweka viraka viwili vyembamba vya plasta juu ya ufa, kimoja juu na kimoja chini, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa kalamu ya risasi. Kiraka kikikatika, ukuta bado unakwenda. Cha juu kilikatika masika ya kwanza, tukaweka kingine, na hicho hakijakatika. Kwa hiyo ukuta umetulia tena, kwa sasa, ukiwa na milimita sita badala ya unywele. Fundi tuliyempata Wete anasema tusiuguse kabla ya kiangazi, na saruji asiione mtu hapa. Ametaka mifuko minane ya chokaa. Tumepata mitatu, imelowekwa kwenye pipa chini ya baraza, imefunikwa gunia.